Hamdun bin Ghalibu, Saksafoni ya Kuazimwa

Mwaka umetimia, Baba Khole, tangu asubuhi ile ya Septemba 1974 ulipotutoka kwa homa ya siku chache, hapa hapa nyumbani kwetu Ng'ambo, Tabora. Ukoo umenipa mimi mkeo kazi ya kuandika, kwa sababu ndugu zako kila wakishika kalamu wanaanza kulia. Mimi nitalia nikimaliza.

Wasiokujua na wakujue. Ulikuwa muuza asali na nta, kama baba yako na babu yako, waliokuja na misafara kutoka pwani, wakanogewa na nchi hii ya Unyanyembe, wasirudi tena. Lakini muziki ulikuingia kabla ya asali. Ulijifunza kupuliza kwa Mzee Nikolaus, mkuu wa bendi ya matarumbeta ya misheni, na mama yako akawa halali vizuri, akihofia siku moja utarudi umebatizwa. Ulirudi na saksafoni. Akasema afadhali, ila hakusema kwa furaha.

Tuliokaa nawe tunazikumbuka asubuhi zako. Kile kijiti bapa cha tete kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni, ulikuwa unakilowesha kwa mate tangu ukitoka kuswali mpaka unafungua duka, na wateja uliwajibu nacho hivyo hivyo mdomoni. Wageni walidhani una kigugumizi. Wenyeji walipokea asali yao huku wanacheka. Hukumpunja mtu hata siku moja, na mtoto aliyetumwa na chupa hakuondoka bila kulambishwa.

Mji wetu ulikuwa na bendi mbili za dansi, Kwihara Jazz ya Masele na Igombe Jazz ya Kasimiri, na mashabiki wao hawakupenda hata kuozana mabinti. Wewe hukuwa mwanachama wa bendi yoyote. Mpiga saksafoni wao akipanda treni kukimbilia Dar es Salaam, na walikimbia kila mara, unaitwa wewe. Wenyewe walisema, "Tumemwazima Hamdun." Uliazimwa kwa harusi, uliazimwa kwa mikutano ya chama, uliazimwa hadi studio. Huko maikrofoni ilikuwa moja, nawe ukawa unawameza waimbaji. Wakakusogeza nyuma, wakakusogeza tena, mwisho ukapigia mlangoni, mguu mmoja nje. Nyimbo zile zikipigwa redioni, saksafoni inasikika kama ya mtu aliyeko nyumba ya jirani, na nimewasikia vijana wakibishana kwamba huo ni mtindo mpya. Waache wabishane. Kila nikiisikia nawaambia majirani, huyo ndiye mume wangu, yuko mlangoni.

Kasoro yako ilikuwa moja tu, hukujua kusema hapana. Zilipokaribia sherehe za miaka kumi ya Uhuru, Masele alikuja kukuomba kwa ajili ya mashindano ya bendi, ukakubali. Siku ya pili akaja Kasimiri, ukakubali. Nilipokuuliza utafanyaje, ulinijibu, "Si watapiga kwa zamu, Mama Khole?" Basi siku yenyewe nikasimama nyuma ya jukwaa na shati la sare ya Igombe mkononi. Ukashuka na la Kwihara limelowa jasho, ukavua, ukavaa, ukapanda tena. Uwanja mzima ukapiga kelele, "Kigeugeu! Kigeugeu!" Majaji wakazifutia alama bendi zote mbili, na kombe likachukuliwa na wacheza ngoma ya bugobogobo kutoka Nzega, ambao hata gitaa hawakuwa nalo.

Jioni wakaja wote wawili barazani kwetu. Masele, mwepesi wa hasira, ndiye aliyeanza.

"Chagua leo leo, Hamdun. Uwe wetu, tukupe mshahara kila mwezi, au usikanyage tena jukwaa letu."

"Na kwangu ni hayo hayo," Kasimiri akasema.

Nilikuwa nyuma ya mlango nasikiliza, nami nilijua muziki ni nini kwako. Ulikohoa kidogo, ukawaambia, "Ndugu zangu, wapulizaji wote wa mji huu wamekwenda zao pwani. Nikiwa wa mmoja, mwenzake atapiga dansi bila pumzi. Hilo siliwezi." Waliondoka bila kuaga.

Masika yote yale hukuitwa popote. Ulipiga peke yako stoo, katikati ya madebe ya asali, nasi tukisikiliza jikoni. Ulikonda mpaka mama yako akaanza kukupikia uji mwenyewe. Ndugu zako walikushauri uende kwa mmoja wao yaishe, ukatabasamu tu. Muziki ulikuwa umeutaka maisha yako yote, na bado ulikubali kuukosa kuliko kuinyima bendi moja. Hilo tunajivunia kuliko nyimbo zako zote.

Kisha Kwihara Jazz wakaalikwa katika kijiji kimoja cha ujamaa huko Urambo, kwenye ufunguzi wa ghala la tumbaku. Asubuhi ya safari, mpiga saksafoni wao mpya akapanda treni ya kwenda Dar es Salaam. Masele akaja uani kwangu, kofia mkononi.

"Hodi, shemeji. Mwenyewe yupo?"

"Yupo, anapima asali. Nikupimie chupa ngapi?"

"Shemeji, usinifanyie hivyo."

Ulitoka na saksafoni yako, kijiti kiko mdomoni, hukumuuliza kitu. Ukapanda lori. Wakulima wa Urambo walicheza mpaka vumbi likaificha bendi. Haukupita muda, Kasimiri naye akaja, akajifanya amefuata asali. Nikamuuzia kweli, ndipo nikakuita.

Tangu hapo hakuna aliyethubutu kukuambia uchague. Vijana wa pande zote mbili walikuja kujifunza kwako stoo, wakakaa kwenye madebe bega kwa bega, na wengine wao ndio wanaoshangiliwa leo huko walikokimbilia.

Sasa nikusimulie ya siku uliyotutoka, maana ungekuwepo ungecheka. Mdogo wako Muhanna alikaa barazani kuandaa tangazo la redio, ili ndugu wa Nzega na Urambo wapate habari. Masele akasema liandikwe "mwanamuziki wa Kwihara Jazz."

Kasimiri akaruka. "Wa Kwihara tangu lini? Huyu ni wa Igombe Jazz!"

"Alirekodi na nani mara ya kwanza?"

"Na mara ya mwisho je?"

Sauti zikapanda, nawe umelala chumba cha pili. Shehe akawaambia wamche Mungu, hawakumsikia. Mimi nilikuwa ndani ya pazia, nimejifunika, na kila mtu alidhani sina nguvu ya kusema. Nikasema kwa sauti iliyofika barazani:

"Muhanna, andika, mume wa Tufaha binti Seif, wa Ng'ambo, Tabora. Hao wote nilikuwa nawaazimisha tu."

Muhanna aliandika hivyo, na jioni likasomwa hivyo, bila jina la bendi yoyote. Masele alilia kama mtoto. Nikamsikia Kasimiri akimwambia, "Njoo ushike jeneza mbele, mimi nitashika nyuma." Wakakubeba.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Tufaha, binti yetu Khole, mama yako Bibi Fakhria, ndugu zako Muhanna na Amne, na ukoo wote wa Ghalibu wa Tabora, Urambo na Nzega. Masele na Kasimiri wameniomba niwaandike pamoja na wafiwa. Nimewaandika.

Mwenyezi Mungu akurehemu, Baba Khole. Hatutakusahau maisha yetu yote.