Mguu wa Kushoto wa Mama

Kaloleni, Kisumu
6 Januari 2024

Debra nyathina, mtoto wangu,

Habari ya Doha? Kifua kimepona? Huku tupo. Nakuandikia ujumbe kwa sababu nikipiga simu ulimi unakuwa mzito, na wewe unaanza kulia kabla sijamaliza neno. Daktari amesema ni mishipa ya fahamu inakufa pole pole, na dawa ya kuirudisha hakuna. Kikundi changu cha ngoma ya ohangla nimemwachia Celestine. Jumamosi iliyopita waliniweka kwenye kiti pale ukumbini nikatazama wasichana wakicheza. Mguu wa kushoto ulilala tu. Miaka thelathini na moja, ngoma ikipigwa, huo mguu ulikuwa unatangulia kabla mimi sijaamua.

Usijisumbue. Nakula vizuri.

Mama yako, Adero

*

Doha
15 Januari

Mama mpendwa,

Umeamkaje? Nanyama wa mlango wa pili bado anakupikia? Msalimie sana.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mama, nenda ziwani. Wanawake ninaowafundisha kuogelea, wengine magoti yamekwisha, lakini maji yakiwafika kifuani wanatembea kama wasichana. Kwako haitakuwa kitu kigeni. Mimi mwenyewe kuogelea nilifundishwa na ngoma yako: bega lianze, kiuno kifuate, pumzi iingie kwenye mdundo. Kocha wa kwanza aliniuliza nimejifunzia wapi kupumua hivyo. Nikamwambia Kaloleni, kwenye ukumbi ambao hata bomba la maji hauna.

Mwambie Wakhisi, mume wa Nanyama, akupeleke ufukweni Dunga kwa tuktuk yake.

Mtoto wako, Debra

*

Kaloleni
11 Februari

Debra nyathina,

Salamu nyingi. Mimi leo sijambo kabisa.

Tulienda. Nanyama alinishika kiuno, wavuvi wakageukia pembeni kwa heshima. Maji yalipofika kifuani nikaimba ndani kwa ndani, na mguu wa kushoto ukainuka. Ulicheza, Debra. Tumerudi mara mbili tena na kila mara unacheza. Nanyama amesimulia mtaa mzima. Celestine alikuja kuniuliza nitarudi lini kikundini.

Mama yako

*

Doha
14 Februari

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu zile zile. Nimewasomea wanafunzi wangu barua yako, wakapiga makofi. Nimeomba likizo nije nikuone ukicheza majini. Bosi amekataa, maana mwalimu mwingine wa kike hakuna. Amesema nisubiri mkataba uishe Desemba. Endelea kucheza mpaka nifike.

Debra wako

*

Kaloleni
30 Mei

Debra,

U mzima? Nisamehe kwa kunyamaza. Siku hizi naandika kwenye simu kwa kidole kimoja, na hii nimeianza juzi.

Nilikudanganya. Mguu haukucheza. Boti ilipita, wimbi lake likauinua, Nanyama akasema, "Mama Debra, ona!" Nami nikanyamaza kwa sababu nilitaka iwe kweli. Siku zile nyingine nilikuwa nasubiri boti.

Kucheza ni kukanyaga, na sakafu ikurudishie. Majini sikuwa na pa kukanyaga. Nilikuwa nasukwasukwa kama nguo inayosuuzwa.

Mara ya mwisho niliteleza mikononi mwa Nanyama nikaenda chini. Sikuweza hata kuinua mkono. Nilimwona juu yangu akinitafuta. Wakhisi ndiye aliyenitoa.

Sitarudi. Usiniombe.

Mama

*

Doha
3 Juni

Mama yangu,

Pole. Pole sana. Unalala? Unameza chakula?

Na mimi nina la kusema. Nilijua. Mtoto akianza kuogelea namshika tumboni, maji yanampeleka, namwambia, "Unaogelea." Anaamini. Barua yako ya Februari nilijua hapo hapo kuwa si kweli, nikaisoma mbele ya watu ili niiamini. Maji humsaidia mwenye goti bovu. Mishipa inayokufa hayaisaidii, na hilo nililijua nilipokuandikia mara ya kwanza. Nilikutuma kwa sababu nilikuwa mbali na sikuwa na kitu kingine cha kukupa. Ungekufa huko.

Niandikie hata neno moja.

Debra

*

Doha
22 Juni

Mama,

Hali yako? Simu inaonyesha umesoma, na jibu hakuna. Kama ni hasira, una haki.

Debra

*

Doha
9 Julai

Mama,

Sikuulizi habari leo; Nanyama ameniambia yote. Si hasira. Kidole kile kimoja nacho kimekataa, na tangu Jumapili unalishwa kwa mpira wa puani. Nilimpigia daktari. Amesema kama nakuja, nisingoje.

Nimevunja mkataba. Ndege yangu ni Alhamisi, Ijumaa jioni nitakuwa Kaloleni. Sijui kama utakuwa bado unasikia. Sina mazoezi mapya, sina dawa, na sitakupeleka popote. Nitakaa kitandani kwako.

Nanyama atakusomea hii. Nikiingia nikikuita, huna haja ya kunionyesha chochote.

Mtoto wako,
Debra