Pikipiki ya Sabra Haiuzwi

Miburani,
Mafia.
9 Februari 2025

Mpendwa kaka yangu Mudrik,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta salama huko Tanga, wewe na wifi yangu Warda na watoto, na kwamba kile kikohozi kimekuachia. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mvua imetunyima na muhogo umesinyaa, lakini hatulali njaa.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikata maneno. Karatasi huwezi kuikata maneno.

Umeagiza pikipiki ya mwanangu Sabra iuzwe kabla ya Ramadhani, kwa kuwa ameanguka, na kwa kuwa mtoto wa kike hana kazi barabarani. Nimekusikia, kaka. Haiuzwi.

Kwanza ujue alivyoanguka, maana waliokupasha habari wametia chumvi. Siku aliyokwenda Kilindoni kununua helmeti, duka lilijaa wanaume. Mke wa mwenye duka, kwa heshima zake, akamwingiza uani ajaribu kwa faragha. Sabra akavua ushungi, akaivaa, ikamkaa sawasawa, akalipa. Kesho yake, na ushungi kichwani na fundo la nywele, helmeti ikakaa juu juu na kamba haifiki kidevuni. Akawa anaendesha bila kuifunga. Mchanga ulipomtelezesha, helmeti ikaenda kwake na kichwa kwake. Akashonwa nyuzi chache, ndizo hizo ulizoambiwa amepasuka fuvu.

Kosa ni la kipimo, si la uanamke. Vijana wangapi wa hapa wameanguka, na yupi umesikia ameamriwa auze?

Tulirudi dukani, safari hii mimi mbele. Nikamwambia ajaribu palepale, na ushungi wake, watu watazame mpaka wachoke. Muuzaji akatutolea ya mtumba, rahisi kweli. Nikaibonyeza ndani, sponji imekuwa unga, na pembeni ina ufa. Nikamrudishia. Ile ya ghali yenye picha ya moto nayo tukaiacha, maana moto haulindi kichwa. Tukachukua nyeupe isiyo na madoido. Akaifunga kamba, nami nikaishika kwa mikono miwili nikaitikisa hadi akalalamika shingo. Haikutoka. Buti, glovu na koti zito la jinzi tulivipata mnadani kwenye mitumba.

Najua na suruali imekukera. Baibui likinaswa na mnyororo linamvuta mtu chini ya gurudumu. Anavaa suruali, na juu yake gauni pana la kufika magotini. Anayeona aibu atazame kwingine.

Unauliza nani kampa ruhusa. Wanawake wa Miburani ndio waliompa. Jirani yetu Tasnim ana mimba kubwa, na amekataa katakata kwenda kliniki nyuma ya mwanamume asiye wake. Sabra ndiye anayempeleka, yeye na wajawazito wenzake. Pikipiki ikiuzwa, Tasnim apande nyuma ya nani? Wewe uliyenizidi dini, nijibu hilo.

Kaka, umeniumiza. Siku ile uliyomgombeza kwenye simu, mwanangu aliniletea ufunguo wa pikipiki, akaingia ndani kulia. Sijamwona akilia hivyo tangu tulipomzika baba yake. Nilimfuata nikaurudisha ufunguo kiganjani mwake, nikamfumba vidole. Ukitaka kuuchukua, utaanza kwangu.

Idi unakuja, inshallah. Atakayekupokea gatini ni Sabra, na helmeti yako nimeshainunua, kubwa, maana vichwa vya ukoo wetu navijua. Sitamtuma mtu mwingine. Ukiona haya kupanda nyuma ya mpwa wako, njoo kwa miguu. Mlango utaukuta wazi na pilau itakuwa bado moto.

Nisalimie wifi Warda, Ridhwan na wadogo zake, na jirani yenu Bi Mwatima mwambie dua zake zinatufikia. Mungu akuepushe na kila shari ya njiani, kama ninavyomwomba amuepushe Sabra kila asubuhi.

Mimi dada yako, nikupendaye wala sikuogopi,
Mwanasiti