Gia ya Pili Mpaka Chini

Baba Wakesho,

Nakuandikia ili mkono wangu usishike simu. Binti yako alitoka asubuhi na pikipiki yako kupeleka mboga Voi, saa hii ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na bado hajarudi. Ningempigia. Lakini ni wewe uliyeweka sheria katika nyumba hii kwamba mtu akiwa barabarani hapigiwi simu, maana atatia mkono mfukoni, na mkono ulio mfukoni hauko kwenye breki. Basi simu nimeifungia kabatini, chini ya vitambaa vya kanisa, nikachukua kalamu.

Usidhani nimekuja kukusalimu. Nimekukasirikia. Tangu ule ugonjwa wa kifua ukuchukue nimekulilia, nimekuombea, nimekusifu mbele ya watu mpaka wengine wakachoka kunisikiliza. Jana ndiyo nimejua kwamba ulinidanganya. Kwa hivyo leo kaa unisikilize, maana huna pa kwenda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani tulipooana? Ukitoka Wundanyi ulikuja na injini mpaka kona ya kanisa, pale juu barabara inapoanza kuteremka kuja huku bondeni kwetu, halafu unaizima. Ndivyo walivyofanya vijana wote wa milimani. Mafuta ni ya kupandia, mlikuwa mkisema, kushuka ni bure. Mimi niko jikoni, nasikia injini ikinguruma, kisha kimya, na kile kimya ndicho kilichoniambia weka chai. Ulikuwa unatokea langoni bila sauti, umecheka mpaka masikioni, kana kwamba kuna mtu umemuibia. Nilikipenda kile kimya. Sikatai.

Mpaka siku ya nyanya. Tulitoka kwa kaka yangu, kreti imefungwa nyuma, mimi nimebanwa katikati. Pale kwenye kona ukazima kama kawaida yako. Nilisikia harufu kwanza, kama nguo iliyosahauliwa chini ya pasi. Nikakwambia, "Baba Wakesho, kuna kitu kinaungua." Ukasema, "Ni breki tu." Breki tu! Hukumaliza hata kusema, ukakanyaga na pedali ikashuka yote bila kushika kitu. Ukaitupa pikipiki upande wa mlima, tukaingia mtaroni, na nyanya zikatutangulia nyumbani. Mimi niliumia mkono, na wewe lile goti ambalo halikupona tena sawasawa.

Jioni ile uliweka kiganja juu ya tangi la mafuta, mimi nimefungwa mkono shingoni, ukaapa. Ukasema, "Kuanzia leo nashuka na gia ya pili, injini ikiwaka, mpaka chini." Ukanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba injini yenyewe hushikilia pikipiki kwenye mteremko, na breki kazi yake ni kusaidia, na msaidizi habebeshwi mzigo wote. Nilikuwa nataka kukupiga na mkono uliobaki. Lakini nilikuamini.

Na kweli, tangu siku hiyo nilikusikia kila jioni ukiunguruma kutoka kona ya kanisa mpaka langoni, polepole, kama trekta. Vijana wa stage ya bodaboda wakakuita Mzee Gia ya Pili. Wewe ukawa unawapungia mkono tu. Mimi nilizoea kuweka chai kwa mngurumo badala ya kimya, na nikaanza kulala usingizi wa maana.

Subiri, kuna kitu kinakuja.

Ah, ni gari la maziwa.

Nilikuwa wapi? Unajua kwamba Jumamosi bado siwezi kukaa upande ule wa nyumba? Pale ulipokuwa ukichuchumaa na matambara yako. Unaosha cheni kwa mafuta ya taa, unaipaka oili, unaisukuma kwa kidole kuona imelegea kiasi gani, unabonyeza tairi, unaniambia nisimame nyuma nitazame kama taa nyekundu inawaka ukikanyaga breki. Kazi yangu ilikuwa kushika sahani ya nati, ile ya bati yenye maua, na sikuruhusiwa kuiweka chini kwa sababu ya kuku. Nilikunung'unikia, nina kazi zangu. Wewe unaendelea na mahubiri yako. Kile kiklipu cha kuungia cheni kina mdomo, na mdomo lazima uangalie nyuma, ulikotoka. Ukiangalia mbele, siku moja kitaruka. Nimelisikia hilo mara nyingi kuliko Baba Yetu.

Na helmeti. Ulininunulia yangu mwenyewe, wanawake wa kanisani wakanicheka, ati mama anaenda mwezini. Ukakataa kunibeba bila hiyo hata hapo dukani tu. Yako haikunifaa, ulisema helmeti inayochezacheza kichwani ni sufuria tu. Wakesho ndiye anayevaa yangu sasa. Yako iko kwenye msumari wake. Siifuti vumbi ndani, nje tu.

Nakumbuka pia ile safari ya kwenda Rukanga kwa dada yangu, ndovu walipotuzuia barabarani. Mimi nilitaka uzime injini wasitusikie. Ukasema hapana, ndovu akigeuka hatutakuwa na muda wa kupiga kiki iwake tena. Tukakaa pale, pikipiki inatetemeka chini yetu, wao wanavuka bila haraka yoyote kama watu wa harusi. Niliweka paji la uso mgongoni mwako, na mkono wako mmoja ukaja kushika goti langu. Niliogopa mpaka meno yakagongana, na bado ningekubali kurudi pale hata leo.

Sasa jana. Jioni, kama saa hii, niko jikoni. Nikasikia pikipiki ikifika kona ya kanisa, naijua kama ninavyojua kikohozi chako. Halafu kimya.

Baba Wakesho, miguu yangu ilitoka kabla yangu mimi. Nilikimbia na mwiko mkononi. Nikasimama katikati ya barabara, nikamwona anakuja, hana sauti, anashuka pembeni kabisa kwa upande wa mlima, mguu mmoja unaburura majani. Akapita karibu yangu, akaegemea ukingo wa udongo pale langoni, akasimama. Uso ulikuwa umemwisha damu, na bado anataka kucheka. Kicheko chako kilekile.

"Umezima!" nikampigia kelele. "Umezima injini kwenye mteremko! Nani amekufundisha upuuzi huu?"

"Mama, tulia. Cheni imekatika."

Sikutulia. Sikusikia hata neno. Niliingia ndani nikampigia simu ndugu yako Mwadime, nikamwambia tafuta mnunuzi, pikipiki hii iondoke kwangu. Mwadime naye anajua wafanyabiashara wote wa Voi, hakuchelewa. Mnunuzi anakuja kesho. Wakesho alikuwa mlangoni, akasikia yote. Hakubishana. Alisema neno moja tu, "Ukiiuza nitapanda za watu, Mama. Na za watu sijui nani amekaza cheni."

Tulipoketi kula ndipo nikamuuliza vizuri. Kumbe fundi mmoja wa kando ya barabara alimbadilishia cheni juzi, na kile kiklipu akakiweka kinyume. Mdomo mbele! Mara cheni iliporuka, injini ikalia bure, haishiki chochote, akaizima. Akabaki na mteremko wote na breki peke yake. Nikamwuliza, "Na wewe ulijuaje la kufanya?"

Akaangalia sahani yake. "Baba alinifundisha."

Nikasema haiwezekani. Baba yako aliniapia.

"Aliapa kwamba hatazima yeye," akasema. "Mimi alinifundisha kuzima. Aliniambia siku moja kitu kitakatika na mama yako hatakuwepo wa kupiga kelele. Tulianzia kona ya kanisa. Unakanyaga unaachia, unakanyaga unaachia, usikandamize mpaka zipate moto. Ukiona zinashindwa, elekea mlima, usielekee bonde. Na yeye alikuwa anakimbia kando yangu ameshika kiti."

"Anakimbia? Na lile goti?"

"Alianguka, Mama. Pale karibu na kwa Mwalimu."

Hapo ndipo kijiko kiliponidondoka. Ile suruali ya kahawia! Ulinijia jioni imechanika gotini, unachechemea, ukaniambia umekimbizwa na mbwa wa Mwalimu. Mbwa! Nikaishona suruali ile usiku mzima nikimlaani yule mnyama. Kulipokucha nikaenda kwa Mwalimu nikamgombeza mbele ya mke wake, mzee wa watu amestaafu, akaniomba radhi, akamfunga mbwa wake kamba. Mbwa mwenyewe hana hata meno. Na wewe ulisimama langoni kwetu ukaangalia, ukanywa chai yako.

Nilicheka mpaka nikaketi chini, jikoni pale. Wakesho naye akacheka. Halafu hasira ikanipanda tena. Mliniacha nje, wewe na mwanangu. Mlikuwa na siri yenu barabarani na mimi nashona suruali. Ungeniambia! Lakini hata nikisema hivyo najua jibu. Ungeniambia ningekataa. Ningelala barabarani pikipiki isipite. Na jana mwanangu angeteremka na cheni iliyokatika bila kujua upande gani wa kuelekea. Sasa nifanyeje na mtu kama wewe, nikushukuru au nikugombeze? Nimefanya yote mawili tangu jana na sijamaliza.

Leo asubuhi alikwenda kwa jirani akapata klipu nyingine, akachuchumaa mahali pako. Nikatoka nje, nikaenda upande ule wa nyumba ambao huwa siendi. Nikamwuliza, "Mdomo unaangalia wapi?" Akaniambia, "Njoo uangalie mwenyewe." Miaka yote ile nimeshika sahani, sijawahi kugusa cheni. Nikachuchumaa nikaigusa. Mdomo ulikuwa nyuma. Nikamkagulia breki, nikamwambia awashe taa, nikasimama nyuma nikaitazama ile nyekundu. Doa hilo unaloliona kwenye karatasi ni oili, haitoki kwenye kucha. Akavaa helmeti yangu, akafunga mboga, akaenda. Hakuniuliza habari za mnunuzi, na mimi sikusema.

Hata sasa sijui nitamwambia nini. Nikiiuza, mboga zitaozea shambani, na yeye atapanda nyuma ya mtu yeyote mwenye haraka, pikipiki ambayo sikuigusa, bila helmeti. Nisipoiuza, kila jioni ya maisha yangu itakuwa hivi, natega sikio hadi shingo inauma. Wewe ulijua haya? Ulipokuwa unakimbia na lile goti bovu, ulijua kwamba unaniachia kazi ya kusikiliza?

Ngoja.

Hiyo ni yenyewe. Iko juu kule, kabla ya kanisa. Naisikia vizuri sasa, inapunguza, inafika kona.

Imezima.

Baba Wakesho, imezima. Kimya kabisa. Nimesimama mlangoni na karatasi hii, naandikia ukutani. Ee Mungu wangu, elekea mlima, Wakesho, elekea mlima.

Simu inalia kabatini.

Nimerudi. Utaniwia radhi kwa mwandiko. Nilirusha vitambaa vyote vya kanisa chini. Ni yeye. Kasema, "Mama, usitoke mbio. Nimesimama kwa kanisa, nimeegesha kabisa. Ukungu ni mwingi, sioni mbele, nangoja upungue ndipo nishuke. Nimezima nikiwa nimesimama. Nikajua utasikia kimya, ndiyo nikapiga."

Alijua nitasikia. Unaona huyo mtoto? Wewe hukuwahi kusimama hata siku moja kunipigia. Nilisema tu, "Sawa. Kaa hapo. Hata kama ni mpaka kesho, kaa hapo." Akasema, "Na mnunuzi je?" Nikamwambia mnunuzi atakunywa chai na kurudi kwao Voi, na Mwadime nitamkabili mimi mwenyewe. Halafu nikasikia anapenga kamasi.

Basi ndiyo hivyo. Haiuzwi. Jumamosi tutachuchumaa wote wawili, na sahani wataishika kuku wakitaka. Jumapili baada ya ibada nitakwenda kwa Mwalimu kumwomba radhi kwa habari ya mbwa wake, na nitamweleza kwamba aliyenikosesha adabu ni wewe. Suruali ya kahawia ninayo bado. Nilitaka kuigawa, sasa sigawi.

Sijakusamehe yote. Nimekusamehe goti.

Nyamaza kidogo. Imewaka. Inaanza kushuka, naisikia ikiunguruma kama trekta, polepole, gia ya pili. Imepita kwa Mwalimu. Haijanyamaza. Wacha niende nikaweke chai.

Ni mimi mkeo, mshika sahani,
Mama Wakesho