Mawe Aliyobeba Nafula

Huruma, Eldoret
Jumanne jioni

Dada yangu Atieno,

Nakusalimu wewe, na namsalimu Akinyi, ambaye najua ameketi kando yako akikusomea. Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi hii? Paa la jikoni mmeliziba, au bado mnahamisha sufuria mvua ikinyesha? Mimi niko hai. Mgongo unauma na kucha mbili za mguu zimetoka, lakini nakula na nalala.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichoachiwa na darasa la sita. Lugha yetu naijua kwa mdomo tu. Na sikupiga simu kwa sababu simu ya hapo kwenu hukaa mfukoni mwa shemeji. Yeye tayari amekubali Akinyi aje kufanya kazi ya nyumba kwa Bosi wangu, na nilimsikia alivyofurahi. Kwa hiyo barua hii inaletwa na Mama Rispa, yule muuza samaki wa omena, anayerudi huko kesho kuchukua mzigo. Amebeba pia mfuko mdogo niliofunga kwa kamba. Usiufungue mpaka Akinyi amalize kusoma.

Akinyi, soma yote. Ukifika penye jina lako usiruke, na usilainishe neno ili mama yako asiumie.

Dada, nilikuambia Bosi ni mtu mzuri. Sikukudanganya kwa kile nilichokuwa nimeona. Anajenga nyumba za kupangisha kule Yamumbi, na mimi ndiye ninayemchanganyia zege. Hapigi mtu, hatukani mtu, na hata mlimani hakupaza sauti hata mara moja. Nataka ukumbuke hilo ninapoendelea.

Shule zilipofungwa alisema watoto wake wameharibiwa na simu. Akataka familia ipande Mlima Elgon kwa miguu, siku tatu, walale kwenye hema, wafike ziwa moja dogo lililo huko juu. Mimi alinichukua nibebe hema. Akaniambia, "Odhiambo, wewe ni mtu wa ziwa, utasikia uko nyumbani." Wa kupika alikuwa Nafula, msichana wao wa kazi, mtoto wa watu wa Bungoma, ana kama miaka ishirini. Alikuwa amekaa nao miaka mitatu.

Bosi, Madam na watoto wawili walikuwa na buti mpya. Mimi nilivaa gambuti za kazi. Nafula alivaa viatu vya plastiki, vile vya kwendea sokoni. Madam aliviona tukiwa tayari ndani ya gari.

"Nafula, si ungesema huna viatu?"

"Sikujua tunaenda wapi, Madam."

Gari likaondoka. Kule kwenye geti la mlima, mlinzi alituuliza kama tuna mtu wa kutuongoza. Bosi akamwonyesha ramani kwenye simu, na tukaingia.

Saa ya kwanza ilikuwa nzuri, siwezi kukataa. Nafula alikuwa akinichokoza kwa sauti ya chini, "Nyinyi watu wa samaki mlima mnauonea wapi? Unahema kama ng'ombe." Nikamwambia nyinyi wa Bungoma mmezoea kubeba magunia ya mahindi, kwa hivyo nyamaza ubebe. Alikuwa na begi la sufuria, unga, jiko la gesi na mtungi wake mdogo.

Halafu mtoto wa kiume, Ryan, wa miaka tisa, akasema miguu inamuuma. Bosi akasimama. Akaokota jiwe la ukubwa wa ngumi.

"Umelalamika," akamwambia. "Kila lalamiko lina uzito, na lazima kuna mtu anayelibeba. Nataka mlione kwa macho."

Akafungua begi la Nafula mgongoni mwake, akalitia jiwe ndani, akafunga.

Mimi nilicheka. Nakuambia ukweli, dada. Nilidhani ni mchezo wa hatua mbili tatu kisha atalitoa. Nafula pia alicheka.

Hakulitoa. Dada yake Ryan, Wendy, wa miaka kumi na nne, aliposema ana kiu, likaingia la pili. Wendy akaanza kulia, akafunga mdomo, na hakusema tena neno. Bosi akafurahi. Akamwambia Madam, "Umeona? Inafanya kazi." Kwa Wendy ilifanya kazi. Lakini Ryan ni mtoto, na mtoto akigundua kwamba akifungua mdomo mtu mzima anapinda mgongo, atafungua tu.

"Dadi, jua ni kali."

Jiwe.

"Dadi, hii sandwichi ni baridi."

Jiwe.

"Dadi, Nafula anatembea polepole."

Hilo nalo likaingia, na Ryan akacheka mpaka akakaa chini. Madam alikuwa akipiga picha. "Nafula, tabasamu kidogo, usikae kama uko matanga."

Nafula akatabasamu. Alipofika karibu nami akaninong'oneza, "Nikifa huku, waambie nyumbani niliuawa na sandwichi."

Adhuhuri Wendy alijificha nyuma ya Nafula kwenye kona, akachomoa jiwe moja na kulitupa kwenye majani. Bosi alikuwa ameyahesabu. Hakumkaripia mtoto wake. Aliweka mawili mahali pa lile moja, akasema kumsaidia mtu kwa kudanganya ni kumwongezea mzigo. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Bosi akanigeukia, "Odhiambo, hilo begi ni zito kweli?" Akaliinua kwa kidole, Nafula akiwa bado amelivaa. Nikasema si zito sana.

Tulipita mimea ya ajabu, kama kabichi iliyopandwa juu ya nguzo. Ukungu ukashuka. Jioni tukaanza kuteremka kwenye mawe kwenda ziwani, na mawe yalikuwa yameloa. Nafula alikuwa mbele yangu. Kile kiatu cha plastiki kiliteleza, begi likamvuta, akakaa chini ghafla. Nilisikia kitu kama kijiti kikavu. Hakupiga kelele. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumtazama Bosi.

"Uko sawa?" Bosi akauliza.

"Niko sawa."

Bosi akawageukia watoto. "Mmemwona huyo? Yeye halalamiki."

Nafula akasimama, akateremka. Ziwa lenyewe, dada, ungelicheka. Dogo kama uwanja wa shule, jeusi, miamba pande tatu. Hakuna mtumbwi, hakuna mtu anayefua, hakuna harufu ya samaki. Hapo ukingoni Bosi akatoa mawe moja moja kutoka begi la Nafula, akilitaja kila moja. "Hili ni la kiu. Hili ni la jua." Yalikuwa kumi na moja, na jiko la gesi lilikuwa chini yake. Watoto wakayarusha majini. Lililokuwa kubwa zaidi Ryan alilirusha kwa mikono miwili. Bosi akakumbatia familia yake, akaomba, akasema sasa wote ni wepesi.

Nafula alipika chakula cha jioni akiwa amepiga magoti. Nilidhani anaukinga moto na upepo.

Asubuhi hema zilikuwa na barafu juu. Nafula alitoka kwa kutambaa. Mguu ulikuwa umevimba kuanzia kifundo, rangi ya biringanya, na kile kiatu kilikuwa kimeingia ndani ya nyama. Nikamuuliza kama alijua tangu jana kwamba umevunjika.

"Niliusikia."

"Mbona hukusema?"

"Ningeongezewa jiwe."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Bosi aliposikia, alihuzunika sana. Lakini unajua alihuzunikia nini? Wakati wa chai aliwaambia watoto, "Nilimuuliza kama yuko sawa, akasema yuko sawa. Sasa kwa sababu ya uongo wa mtu mmoja, safari ya familia nzima imeharibika." Hilo ndilo lilikuwa somo la siku hiyo. Nafula alikuwa ameketi hapo na kikombe chake. Akasema, "Nisamehe, Bosi."

Nilimbeba mgongoni tangu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Kucha zangu ziliishia huko. Wendy alitembea kando yangu njia nzima akiushika ule mguu ili usining'inie, na hakuna aliyemtuma. Hema moja tuliiacha, ya pili akabeba Bosi. Alilalamika juu ya mabega yake mpaka getini. Hakuna aliyeokota jiwe.

Sasa ndipo nafika kwa jambo lililonifanya nitafute kalamu.

Pale getini tulimlaza Nafula kwenye kiti cha nyuma. Kioo kilikuwa wazi. Madam akanivuta kando, si mbali. Akasema, "Huyu sasa ataenda kwao. Huko kwenu huna msichana? Mwenye nguvu, asiye na maneno mengi." Na Bosi akaongeza kwamba nikiwaletea mtu mzuri, kile chumba cha geti katika nyumba yao ya mtaa wa West Indies ni changu, nitaacha zege niwe mlinzi.

Nilikuwa nimechoka, dada, lakini si uchovu uliosema. Ni mimi. Nilikiona kile chumba, nikaiona siku ambayo sitainua tena koleo. Nikasema, "Ninaye mtoto wa dada yangu, anaitwa Akinyi. Ana nguvu, na halalamiki."

Nilitumia neno hilo hilo. Damu ya mguu wa Nafula ilikuwa bado kwenye shati langu.

Alisikia. Siku ndugu yake alipokuja kumchukua, mguu uko kwenye plasta, nilimsaidia kuinua sanduku. Hakunitukana. Alisema tu, "Huyo msichana wa kwenu, mwambie anunue viatu."

Jumamosi Bosi atapitia hapo kwenu akitoka Kisumu. Shemeji amemwambia Akinyi atakuwa amesimama sokoni na nguo zake. Asisimame. Alhamisi mpeleke kwa shangazi yetu anayeuza mkaa, ng'ambo ya mto, akae huko. Shemeji akikasirika mwambie Odhiambo ni mwongo na alimpotosha. Hilo si uongo. Chumba cha geti nitakikosa, na labda kazi pia. Hiyo ni juu yangu, usiipime na mtoto.

Sasa fungueni ule mfuko. Jiwe hilo nililikuta ndani ya sufuria ambayo haikutumika, nilipoosha vyombo. Bosi alihesabu vibaya, yalikuwa kumi na mawili. Akinyi, liweke mkononi. Halafu fikiria mengine kumi na moja kama hilo, na mtoto anayecheka mbele yako.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya kuchua nitampatia Mama Rispa safari ijayo. Msalimie mjomba wa nyavu, na mwalimu wa Akinyi aliyetaka amalize kidato cha nne. Pengine alikuwa ameona mbali kuliko sisi.

Bosi akirudi kutoka safari husimama kwanza Yamumbi kukagua kazi. Jumamosi nitakuwa hapo na koleo. Gari likifika sitamtazama yeye. Nitatazama kiti cha nyuma.

Ndugu yako aliyemtaja mtoto wako,
Odhiambo