Kadi ya Mjumbe

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Huku tu wazima, ila mimi leo kiti hakinikubali. Nimeandika mstari mmoja nikainuka kufunga dirisha, wa pili nikaenda kulifungua. Mgongo wako unaendeleaje? Natumaini umeacha ubishi, na yale marobota ya karatasi hapo kiwandani sasa unayabeba kwa kusaidiwa.

Kwetu kwenye kamusi tumefika herufi M, nami nimeangukiwa na neno mjumbe. Unaujua utaratibu wetu: kila neno na kadi yake, maana juu, mfano chini, na mfano lazima uwe sentensi ambayo mtu angeisema kweli. Wenzangu humaliza kadi ishirini kwa siku. Hii moja nimekaa nayo wiki mbili, mpaka wananiuliza kama nimeolewa nayo.

Maana zenyewe si haba. Yuko mjumbe wa kamati, anayekwenda kusinzia mkutanoni kwa niaba ya wenzake. Yuko anayetangulizwa mbele ili aibu ikitokea imkute yeye kwanza. Hata upepo unaotangulia mvua nimeuandika, maana nao huleta habari. Kisha nikaandika kwamba mjumbe hauawi, na hapo kalamu ikanigomea.

Mhariri wetu, yule mzee mwenye miwani mbili za kubadilishana, alisoma maana yangu ya kwanza: mtu anayetumwa na kufikisha ujumbe. Akaniambia nifute kufikisha, kwani aliyetumwa ni mjumbe tangu anapovuka mlango, afike asifike. Nikambishia mpaka wenzangu wakaacha kadi zao. Nilisema asiyefikisha hastahili jina hilo hata kidogo. Akaniuliza kwa upole nimekasirishwa na nani. Nilikwenda chooni nikalia.

Acha nikwambie kabla sijainuka tena. Unakumbuka Baba alivyokuita mwizi mbele ya wateja, kwa ajili ya saa ya yule mwalimu aliyoileta kutengenezwa. Ukaondoka jioni ile ile. Miezi mitatu baadaye Baba aliikuta saa hiyo imeanguka nyuma ya droo ya meza yake ya ufundi. Alikaa sakafuni ameishika. Kisha akanituma kwako. Nikwambie saa imeonekana, kosa ni lake, anakuomba radhi, rudi nyumbani. Mara mbili aliniita nikiwa mlangoni nimkaririe, nisije nikaacha neno.

Nilikukuta kiwandani, mikono imejaa wino, unacheka na wenzako. Wivu ukanipanda, kaka. Mimi ndiye niliyebaki nikimpikia, nikimeza hasira zake, na mimi hajawahi kuniomba radhi hata kwa jambo dogo. Nikakwambia tu kwamba Baba anakusalimu. Wewe ukatikisa kichwa ukarudi kwenye mashine. Nyumbani nikamwambia umesikia yote, hukujibu neno. Ni miaka sita sasa. Yeye anaamini ulimkataa, na wewe hujui kama aliwahi kukuita. Sina cha kujitetea. Nilidhani nitakwambia safari inayofuata, kisha inayofuata, na uongo ukikaa sana huwa mzito kuunyanyua.

Juzi Baba amesema macho yanazidi kufifia na hataki kuja kukutazama bila kukuona. Jumamosi atapanda basi la asubuhi aje kwako mwenyewe. Nimemwahidi kukuandikia kwamba anakuja. Mengine nimeshindwa kumwambia, kwamba ujumbe wake sikuufikisha.

Basi mpokee, nakuomba. Mimi nikasirikie baadaye, kwa muda wowote utakao. Ila ujue anakuja akijua utamfungia mlango: ameniagiza nimfungie chakula cha njia mbili, cha kuja na cha kurudi siku hiyo hiyo.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu mmoja mmoja.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea.