Barua za Kaliua Zimeingia

Mtendeni, Jumanne, 12 Machi

Veronika,

Zimeingia zote. Ila nusura nizipoteze kwa mikono yangu mwenyewe.

Sanduku langu la zamani la barua pepe linafungwa mwisho wa mwezi, na barua ulizoniandikia ulipokuwa ukifundisha Kaliua zimo humo tu. Wiki nzima nimekuwa nikizishusha kwenye kompyuta. Kila mara programu ya kuzishusha ilipoandika kwa rangi nyekundu, "Hitilafu. Seva haijibu," nilidhani nimeharibu. Nikazima mashine haraka, kisha nikaanza upya. Nilikaribia kukulilia mara ya pili.

Leo nikamwita fundi Shomari, yule mtani wetu Mzaramo aliyejilaza ndani ya kaburi lako siku ya mazishi, akakataa kutoka mpaka tumlipe. Akasoma taarifa za programu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mnyamwezi, soma mstari wa mwisho. Inasema itajaribu tena yenyewe. Wewe ikipumua kidogo tu, unairudisha ilikotoka. Babu zako walifikisha pembe za ndovu Bagamoyo, wewe barua za mkeo zimekushinda."

"Macho yangu hayaoni vizuri, mtani."

"Macho mazima. Uoga tu."

Kweli. Tukaiacha. Ikakwama, ikajaribu, ikakwama tena, na mimi nimekalia mikono nisiiguse. Jioni ikaandika kwamba imekamilika.

Nimesoma moja tu, naogopa kuzimaliza. Humo unalalamika kwamba majibu yangu ni mafupi mno, kama ya mtu anayejaza fomu.

Basi leo nimejitahidi, Vero. Unikumbuke.