Barafu za Simba

Jumanne, mwezi wa sita

Barafu! Kwa baridi hii ya Milanzi, mimi nimevaa masweta mawili, halafu mkwe wangu Leokadia anamgandishia mbwa wetu Simba ndizi na maziwa mgando kwenye friji. "Mama, hazina sukari, ni za afya," ananiambia, utadhani mbwa ndiye aliyeomba. Mbwa wangu wote wamekula ukoko wa ugali na nyumba wakailinda.

Nilimcheka mbele ya majirani.

Ila Simba amevimba ufizi. Leo siku ya tatu, ugali anaunusa tu na kuuacha. Naogopa, sijamwambia mtu. Jioni hii ameramba barafu zote, kisha akamfuata Leokadia jikoni.

Kesho nitampelekea Leokadia ndizi. Nitasema zilikuwa zinaoza.